Je, Wajua? Mchecheto Uwanjani Si Dalili ya Woga

Mshambuliaji anafunga penalti zote mazoezini siku ya Ijumaa, halafu Jumamosi anaupaisha mpira juu ya mtambaa panya mbele ya uwanja uliojaa. Jukwaani hukumu hutoka papo hapo: huyu mwoga, huyu hana moyo. Lakini wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, wakiwatazama waendesha baiskeli, panya, mende, wapiga mishale na wapiga penalti, na mengi waliyoyaona yanamtetea mchezaji huyo. Mchecheto humpata bingwa kama unavyompata mgeni. Kinachowatofautisha ni mahali yanapokwenda macho na mawazo yao wakati moyo unadunda, na kama kuna aliyewahi kuwafundisha la kufanya. Haya hapa baadhi ya mambo yaliyogunduliwa.

Je, wajua kwa nini tumbo huvurugika kabla ya mechi?

Mwaka 1915 mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia unapohisi hatari. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mapigo ya moyo huongezeka, njia za hewa hupanuka, mboni za macho hufunguka, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu ya haraka. Damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi ili misuli mikubwa ipate zaidi. Ndiyo maana dakika chache kabla ya kuingia uwanjani mchezaji hukaukwa na mate, vidole humpoa, tumbo humsokota, na mlango wa choo cha chumba cha kubadilishia nguo haupumziki.

Bill Russell, aliyetwaa mataji 11 ya ligi ya kikapu ya Marekani akiwa na Boston Celtics, alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi. Glenn Hall, kipa wa mpira wa magongo wa barafuni, alikuwa na tabia hiyohiyo, na bado alisimama langoni mechi 502 mfululizo bila kukosa hata moja. Miili yao ilikuwa inajiandaa kwa kazi.

Je, wajua kuwa wasiwasi wa mwili na wa akili haufuati saa moja?

Rainer Martens na wenzake nchini Marekani walitenganisha wasiwasi wa mwanamichezo katika mafungu mawili. Kuna wa mwili: jasho, moyo kwenda mbio, misuli kukaza. Na kuna wa akili: "Nikikosa je? Kocha atasemaje? Watu watanionaje?" Ule wa mwili hupanda kadiri muda wa mechi unavyokaribia, kisha hushuka upesi filimbi ikishalia na mchezaji kuugusa mpira mara mbili tatu. Wa akili hausubiri filimbi. Unaweza kumwandama mchezaji wiki nzima, na ukarudi dakika za lala salama timu ikiongoza kwa bao moja.

Kwa hiyo kocha anayemwambia kila mtu "tulia tu" hajasaidia sana. Mwenye misuli iliyokaza anahitaji kuvuta pumzi na kunyoosha viungo. Mwenye mawazo yanayozunguka anahitaji mtu wa kumkumbusha kazi yake moja au mbili za siku hiyo.

Je, wajua kuwa hata mende hubadilika wakitazamwa?

Mwaka 1898 Norman Triplett aligundua kuwa waendesha baiskeli hukimbia kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao dhidi ya saa. Akawapa watoto 40 kazi ya kuzungusha vigurudumu vya nyuzi za kuvulia samaki, kila mmoja peke yake na kisha akiwa na mwenzake pembeni. Nusu yao waliongeza kasi. Kumi hawakubadilika sana. Kumi waliobaki walipunguza kasi: shauku iliwazidi, mikono ikakosa mpangilio.

Jawabu la fumbo hilo lilichukua miongo mingi. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake waliwakimbiza mende kutoka kwenye mwanga mkali kwenda gizani. Katika njia iliyonyooka, mende waliotazamwa na mende wenzao walikimbia haraka kuliko waliokuwa peke yao. Katika njia yenye kona, waliotazamwa walichelewa. Mwili ukishachangamka hufanya kwa nguvu zaidi kile ulichokizoea. Kama kilichozoeleka ndicho sahihi, watazamaji humnyanyua mchezaji. Kama bado anajifunza, watazamaji humvuruga. Kijana aliyejifunza mtindo mpya wa kupiga mpira wiki iliyopita asilaumiwe ukimshinda siku ya fainali.

Je, wajua kuwa kukosekana kabisa kwa mchecheto nako ni hasara?

Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kisanduku sahihi, wakiwapa mshtuko mdogo wa umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa ngumu, panya walijifunza vizuri zaidi mshtuko ulipokuwa wa wastani. Ulipokuwa hafifu walizubaa, ulipokuwa mkali walichanganyikiwa. Kutokana na kazi hiyo wanamichezo walifundishwa kutafuta kiwango cha katikati.

Baadaye Yuri Hanin, aliyefanya kazi na wanamichezo wa Kisovieti, aliona kuwa katikati hiyo si moja kwa wote. Yupo anayecheza vizuri akiwa ametulia tuli, na yupo ambaye asipotetemeka kidogo hachezi. Kocha anayewapigia wachezaji wote kelele ileile katika chumba cha kubadilishia nguo anawaamsha wawili na kuwavuruga watatu.

Waingereza John Fazey na Lew Hardy waliongeza jambo jingine mwaka 1988. Walisema mtu mwenye mawazo mazito, mwili wake ukichangamka kupita kiasi, uchezaji haushuki polepole bali huporomoka ghafla. Ni kama maziwa jikoni: yanapanda taratibu, halafu kufumba na kufumbua yamemwagika. Mchezaji aliyefika hapo harudi kwenye hali yake kwa kupunguza presha kidogo tu. Inabidi ashuke sana kwanza, ndipo ajenge upya. Ndiyo maana kumpumzisha benchi wakati mwingine ni kumtunza.

Je, wajua kinachotokea kwenye matuta?

Hakuna mahali ambapo mchecheto huonekana waziwazi kama kwenye mikwaju ya penalti. Mpira umesimama, umbali ni mita 11, na mpigaji ana muda wote wa kufikiri.

Geir Jordet wa Norway amechunguza mikwaju ya mashindano makubwa kwa miaka mingi. Pale ambapo mpira ukiingia timu inashinda hapohapo, wapigaji hufunga zaidi ya mara 9 katika 10. Pale ambapo wakikosa timu inatolewa hapohapo, hufunga kama mara 6 katika 10. Ni mita zilezile 11 na lango lilelile. Kilichobadilika ni kama mpigaji anakimbilia ushindi au anakimbia aibu. Jordet aliona pia kuwa wanaopiga kwa haraka mara baada ya filimbi hukosa zaidi. Mtu anataka tu mateso yaishe.

Huko Exeter, Uingereza, Mark Wilson na wenzake waliwavisha wapigaji vifaa vya kufuatilia macho. Walipotiwa wasiwasi, macho yao yalimwendea kipa mapema na kubaki kwake kwa muda mrefu zaidi. Na mguu hufuata jicho: mipira ilikwenda karibu na kipa. Akili ikiogopa huangalia kitisho, na kwa mpiga penalti kitisho ni yule mwenye glovu.

Kipa naye hajasalimika. Michael Bar-Eli na wenzake wa Israel walichambua penalti 286. Makipa waliruka kushoto au kulia karibu mara 94 katika kila 100, ingawa waliobaki katikati ndio waliookoa sehemu kubwa zaidi ya mipira iliyowajia. Kwa nini waruke? Kwa sababu kufungwa ukiwa umesimama huuma kuliko kufungwa ukiwa umejitupa. Ukijitupa, angalau watu wameona umejaribu.

Afrika inayajua haya kwa machozi na kwa shangwe. Tarehe 2 Julai 2010 mjini Johannesburg, Asamoah Gyan aligonga mtambaa panya dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Kama angefunga, Ghana ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wengi husahau kilichofuata: dakika chache baadaye Gyan huyohuyo alijitokeza kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana kwenye matuta, na akafunga. Ghana ilitolewa, lakini kitendo kile kilihitaji moyo ambao wachache wanao.

Tarehe 12 Februari 2012 mjini Libreville, Zambia iliikabili Ivory Coast iliyojaa nyota kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Baharini karibu na mji huohuo, mwaka 1993, ndege iliyoibeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka na wote waliokuwamo wakafa. Didier Drogba alipaisha penalti ndani ya muda wa kawaida. Matuta yalipoanza, wachezaji wa Zambia walishikana wakawa wanaimba pamoja. Kuimba humlazimu mtu kutoa pumzi ndefu, hushughulisha akili isizungukwe na "nikikosa je", na humkumbusha kila mmoja kuwa hajaachwa peke yake. Zambia ilishinda 8-7.

Na mashabiki wa klabu ya Simba ya Tanzania hawajasahau mwaka 2003. Timu yao ilikwenda Cairo ikiwa na ushindi wa bao 1-0 wa Dar es Salaam, ikafungwa 1-0, kisha ikawatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta. Juma Kaseja alikuwa langoni, kijana mbele ya uwanja mzima uliomzomea. Presha iliwaelemea waliokuwa nyumbani.

Je, wajua kuwa kufikiri sana huharibu kilichozoeleka?

Tarehe 3 Julai 1993 Jana Novotná aliongoza 4-1 katika seti ya tatu ya fainali ya tenisi ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf, akibakiza pointi moja tu kufika 5-1. Alikosea sevu zote mbili, kisha mchezo wake ukafumuka, akapoteza 6-4. Alirudi na kulitwaa taji hilo mwaka 1998.

Roy Baumeister alieleza mwaka 1984 kuwa presha humfanya mtu aanze kujichunguza anavyofanya jambo ambalo mwili wake tayari unalijua. Sian Beilock na Thomas Carr walilithibitisha mwaka 2001 kwa wachezaji wa gofu: waliobobea hawakumbuki vizuri hatua kwa hatua namna walivyopiga mpira, kwa kuwa mkono unajua kazi yake bila kuulizwa. Presha ikija, wanaanza kuuongoza mkono, na mkono unachanganyikiwa.

Wajerumani wakiongozwa na Jürgen Beckmann walipata njia inayoshangaza. Wanamichezo wanaotumia mkono wa kulia waliofinya mpira mdogo kwa mkono wa kushoto kabla ya kupiga penalti au sevu hawakuharibu chini ya presha kama waliofinya kwa mkono wa kulia. Watafiti hao wanaeleza kuwa upande wa kulia wa ubongo hushughulishwa, na ule unaopenda kujisemesha maneno hunyamaza kidogo.

Je, wajua kuwa mchecheto unaweza kuhatarisha shingo?

Tarehe 27 Julai 2021 kwenye Olimpiki mjini Tokyo, mwanasarakasi Simone Biles wa Marekani aliruka akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu hewani. Alizunguka mara moja na nusu, kisha akapoteza kabisa hisia ya wapi juu na wapi chini. Wanasarakasi wanaijua hali hiyo na wanaiogopa, kwa kuwa anayetua vibaya anaweza kupooza. Biles alijitoa, akatukanwa na baadhi ya watu kuwa amekimbia. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti akachukua shaba, na mwaka 2024 mjini Paris akapata dhahabu tatu na fedha moja. Kujitoa kulimwokoa.

Wanamichezo wa chini yake nao wamo hatarini. Mark Andersen na Jean Williams walieleza mwaka 1988 kuwa msongo hukaza misuli na kubana upeo wa macho, hivyo beki hamwoni mtu anayekuja kutoka pembeni. Majeraha huanzia hapo. Na aliyepasuliwa goti anaweza kuwa amepona kabisa kwa vipimo vya daktari lakini mguu ukakataa kuingia kwenye mpira. Hofu hiyo inastahili tiba kama goti lenyewe.

Je, wajua kuwa dawa ya kutuliza moyo inaweza kukupokonya medali?

Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili za kulenga shabaha kwa bastola. Alikutwa na propranolol, dawa ambayo hospitali huitumia kwa wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu. Hupunguza mapigo na kutuliza mtetemo wa mkono, ndiyo maana imepigwa marufuku kwa walenga shabaha na wapiga mishale.

Umuhimu wa moyo uliotulia ulionekana katika Olimpiki ya Tokyo, ambako kamera zilipima mapigo ya wapiga mishale bila kuwagusa na kuyaonyesha kwenye televisheni. Watafiti waliochambua takwimu za wapiga mishale 122 waliona kuwa mapigo yalipokuwa juu, alama zilikuwa chini. Kwa mnyanyua vyuma mambo yangekuwa tofauti. Kila mchezo una kiwango chake.

Je, wajua kwa nini "kamati ya ufundi" haifi?

Kila mpenzi wa soka wa Tanzania anajua maana yake, yaani uganga wa timu: mayai getini, kuingia uwanjani kinyumenyume, kukwepa mlango rasmi. Bronislaw Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, aliona kuwa waliovua kwenye maji tulivu ya ndani hawakufanya uganga wa uvuvi. Waliokwenda bahari kuu ndio walioufanya sana. George Gmelch aliona jambo lilelile mwaka 1971 katika besiboli ya Marekani: warushaji na wapigaji, ambao kazi yao ina mashaka mengi, walijaa miiko, lakini katika kudaka mpira, kazi ambayo hukosewa mara chache, miiko haikuwa mingi. Palipo na mashaka, binadamu hutafuta kitu cha kushika. Utaratibu ule ule kabla ya kila mkwaju, kama vile kuweka mpira, kurudi hatua nne, kuvuta pumzi na kutazama kona, hutoa faraja hiyohiyo bila uganga.

Je, wajua kuwa wasiwasi huwazuia wengi kuanza mazoezi?

Hapa tunawazungumzia watu wa kawaida, na ndio wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 301 waliishi na maradhi ya wasiwasi mwaka 2019. Baadhi yao hukimbia mazoezi kwa sababu dalili zake zinafanana na za kupaniki: moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kukatika. Mtu wa namna hiyo akipanda ngazi mbili tu anadhani anakufa. Akianza polepole, leo kutembea, wiki ijayo kutembea haraka, mwili humfundisha kwamba moyo unaweza kwenda mbio na kurudi salama.

Wengine huogopa macho ya watu. Tangu mwaka 1989 kuna kipimo cha kitaalamu cha wasiwasi wa mtu juu ya umbo lake mbele ya wengine. Mama mnene anayetoka kukimbia alfajiri gizani ili asikutane na maneno ya vijiweni hahitaji kipimo kulijua hilo. Anayemcheka anamfungia mtu mlango wa afya, kwa sababu mazoezi ni miongoni mwa njia zinazopunguza wasiwasi. Pendekezo kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa kasi kunahesabika.

Je, wajua kuwa kuna mbinu zisizo na gharama?

Toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Mapigo ya moyo hupungua kila unapotoa pumzi, na mara chache tu zinatosha kuusikia mwili ukishuka.

Usijilazimishe kutulia. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliona kuwa watu waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Moyo tayari unadunda. Ni rahisi kuupa maana mpya kuliko kuuzima.

Tabasamu. Eliud Kipchoge hutabasamu kilomita za mwisho anapoumia zaidi, na amesema hufanya hivyo makusudi. Mwaka 2018 Noel Brick na wenzake walipima wakimbiaji 24 wakaona kuwa walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso.

Na iwapo wasiwasi unakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, unakukatisha chakula au unakufanya uuchukie mchezo ulioupenda, muone daktari au mshauri nasaha. Unatibika.

Klabu zetu zina kocha wa viungo, kocha wa makipa na daktari wa misuli, lakini nyingi hazina mtu wa kuishughulikia akili. Kabla mtu huyo hajaajiriwa, kocha wa timu yoyote, hata ya mchangani, anaweza kuanza leo: mazoezi yakiisha na miguu ikiwa imechoka, kila mchezaji atembee peke yake kutoka katikati ya uwanja, aweke mpira, apige penalti moja tu huku wenzake wakimzomea. Akikosa, arudi kesho. Sisi wa jukwaani tuna kazi yetu pia. Atakayekosa siku ya mechi alijitokeza kupiga wakati wengine walitazama chini, na anastahili kupigiwa makofi akirudi.